Nyumba za Likasi na jina lililobaki kwenye daftari

Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, nyumba inaweza kuuzwa mara tatu na jina la mwenyewe lisibadilike hata mara moja kwenye daftari la serikali. Mnunuzi anahamia, anapaka rangi, anaongeza chumba cha nyuma, kisha anamuuzia mwingine. Kule ofisi ya ardhi mwenye nyumba bado ni yule wa kwanza, hata kama alikwisha kuzikwa siku nyingi. Mtaani hakuna anayeshangaa. Karatasi ya mauzo ipo, mashahidi walitia sahihi, majirani wanajua nani alimlipa nani. Kilichobaki ni ushuru wa kuhamisha miliki, na ushuru, wengi wanasema, unaweza kungoja.

Kusema kwamba watu wa Likasi hawapendi kodi ni jibu jepesi mno. Nani anapenda kodi? Jibu lenye uzito linaanzia nyuma zaidi, enzi ambazo wakazi wengi wa mji huu hawakununua nyumba wala kujenga. Walipewa, na walichopewa wangeweza kunyang'anywa Jumatatu asubuhi.

Mji wenyewe ulizaliwa na shaba. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli ikafika Kambove mwaka 1913, na Likasi, kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, ikaanza kujipanga kama kituo cha migodi mwaka 1917. Kiwanda cha Panda cha kuchambua mawe ya shaba kilianza kazi mwaka 1921, na kile cha Shituru cha kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929. Mwaka 1931 Wabelgiji wakaupa mji jina la mhandisi wao Jean Jadot, ukawa Jadotville hadi mwaka 1966 uliporudishiwa jina lake.

Ndani ya Jadotville mlikuwa na miji mitatu, na kila mmoja ulikuwa na sheria yake ya nyumba. Wa kwanza ulikuwa mji wa Wazungu, wenye barabara pana na nyumba za veranda, walikoishi Wabelgiji, Wagiriki, Waitaliano na Wareno. Wa pili ulikuwa makambi ya kampuni, Panda na Shituru. Wa tatu ulikuwa Kikula, mji wa Waafrika wasiokuwa wa kampuni: mafundi seremala, wachuuzi, makarani, washonaji, wapishi wa Wazungu. Kati ya sehemu hizo tatu, ni moja tu ambamo nyumba ilikuwa bidhaa mbele ya sheria.

Huko kwa Wazungu ardhi ilisimamiwa na Comité Spécial du Katanga, chombo kilichoundwa mwaka 1900 ambacho kiligawa viwanja na maeneo ya Katanga hadi mwaka 1960. Mwenye kiwanja aliandikishwa. Mtindo wa kuandikisha ulikuwa umekwisha kuingia Kongo tangu miaka ya 1880, kwa kuiga ule ambao Robert Torrens aliuanzisha Australia ya Kusini mwaka 1858. Hati inatengenezwa nakala mbili: moja ni ukurasa wa daftari kubwa la konservatere, yaani ofisa wa hati za ardhi na majumba, na ya pili anakabidhiwa mwenye mali. Katika mtindo huo mkataba wa kuuziana, hata uwe na sahihi kumi, haumpi mtu nyumba. Nyumba inahama siku konservatere anapofuta jina la zamani na kuandika jipya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Torrens aliifanya kauli ya namna hiyo kuwa sheria.

Makambini hapakuwa na daftari la aina hiyo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière iliacha desturi ya kuleta vijana wa mikataba mifupi na kuwarudisha kwao, ikaamua kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao. Vibanda vikabadilishwa kuwa nyumba za matofali. Kulikuwa na poso, zahanati na shule, na mkuu wa kambi aliyejua nani analala wapi. Nyumba ilikuwa sehemu ya mshahara, kwa hiyo ilikwenda na mshahara. Aliyefukuzwa kazi alifukuzwa na nyumbani. Mwaka 1941, katika mgomo wa Desemba uliotikisa Jadotville na kuishia kwa mauaji Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wafanyakazi walidai mshahara zaidi; nyumba hawakuweza hata kuitumia kama ngao, kwa sababu haikuwa yao.

Kikula ilikuwa hadithi nyingine. Amri ya tarehe 23 Novemba 1931 iliunda vile vilivyoitwa vituo nje ya mila, yaani mitaa ya Waafrika wa mjini wasiokuwa chini ya chifu wa ukoo. Huko mtu aligawiwa lupango, yaani kiwanja, akajijengea. Alichoshika mkononi kilikuwa kijitabu cha mkaaji, kilichosema kwamba fulani anakaa kiwanja namba fulani. Hakikumfanya mwenye ardhi. Kilimruhusu kukaa tu, na tofauti hiyo ingewatesa wajukuu zake. Mwaka 1953 amri nyingine ilifungua mlango wa Wakongo kumiliki nyumba kwa jina lao, na mwaka 1955, baada ya safari ya mfalme Baudouin, ukaanzishwa Mfuko wa Mfalme wa kusaidia familia kupata nyumba bora. Miaka miwili baadaye, Desemba 1957, Jadotville ilikuwa mojawapo ya miji mitatu ya kwanza ya Kongo kufanya uchaguzi wa serikali za mitaa, pamoja na Léopoldville na Elisabethville. Watu wa Kikula walipata kura kabla wengi wao hawajapata hati.

Ubelgiji kwenyewe, wakati huohuo, serikali ilikuwa ikisukuma watu wajenge. Sheria ya De Taeye ya mwaka 1948 ilitoa ruzuku kwa raia wa kawaida aliyejenga au kununua nyumba mpya. Wabelgiji wana msemo kwamba wamezaliwa na tofali tumboni, na ukiangalia ushuru waliokuwa wakitozwa kwa kununua nyumba kuukuu, tofali hilo lilikuwa na sababu.

Baada ya uhuru, Kongo iligeuza msingi wote. Sheria ya Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966 ilirudisha ardhi kwa Serikali, na sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980 na ambayo imekuwa msingi wa mambo ya ardhi kwa zaidi ya nusu karne, ikakata mzizi: ardhi yote ni ya Serikali, haiuzwi, na mtu haipati kwa kukaa juu yake muda mrefu. Raia hupewa miliki ya kudumu juu ya kiwanja. Mgeni hupewa haki ya muda. Na haki yoyote haithibitiki mpaka iwe kwenye hati ya konservatere.

Hapa ndipo sheria ya Kongo inaposema waziwazi kwamba inampenda zaidi anayejenga. Mtu anayetaka kiwanja kitupu hapewi miliki ya kudumu siku ya kwanza. Kwanza hupewa mkataba wa upangaji wa miaka isiyozidi 3, na katika mikataba hiyo kuna sharti kwamba awe amekishika kiwanja ndani ya miezi 6 na kuanza kukiendeleza ndani ya miezi 18. Kuendeleza, kwa kiwanja cha mjini, maana yake ni kujenga. Akishajenga, ofisa anakuja kutazama, anaandika ripoti ya kuthibitisha kwamba kweli kuna nyumba, na ripoti hiyo ndiyo inayofungua njia ya mkataba wa kudumu na hati. Kwa hiyo ukuta unatangulia cheti. Asiyejenga anaweza kunyang'anywa. Ndiyo maana pembezoni mwa mji huonekana viwanja vyenye msingi na kuta zinazofika kiunoni, majani yameota katikati, miaka na miaka. Anayepita anaona nyumba iliyokwama. Mwenye nacho anaona ushahidi wa kupeleka ofisini.

Anayenunua nyumba iliyokwisha hupita njia tofauti. Mkataba unathibitishwa kwa notari. Mtaalamu wa serikali anakuja kukadiria thamani ya jengo, maana ushuru hautegemei bei waliyonong'onezana muuzaji na mnunuzi. Kisha inatolewa karatasi ya malipo kwa niaba ya DGRAD, idara inayokusanya mapato ya serikali yasiyo ya forodha wala ya kodi za kawaida, fedha zinalipwa benki, risiti inarudi, na hapo konservatere anafuta jina moja na kuandika lingine. Kwa miaka mingi ushuru huo wa kuhamisha ulikuwa asilimia 6 ya thamani. Karibu na mwaka 2010 ulikatwa katikati, ukawa asilimia 3. Katika mageuzi ya kipindi hichohicho kibali cha kujenga nacho kilishuka, kutoka asilimia 1 ya gharama iliyokadiriwa hadi asilimia 0.6.

Ziweke tarakimu hizo bega kwa bega. Nyumba iliyokadiriwa dola 20,000 ilikuwa inamdai mnunuzi dola 1,200 za ushuru kabla ya punguzo, na dola 600 baada yake, bila kuhesabu notari, mkadiriaji na cheti chenyewe. Anayejenga nyumba ya gharama ileile alilipia kibali dola 200 zamani, na dola 120 baadaye. Mageuzi yalimsaidia kila mmoja, lakini pengo kati yao halikuzibwa: kununua bado ni ghali mara tano kuliko kujenga, ukiangalia ushuru wa dirishani peke yake.

Peke yake, lakini. Mjenzi naye anatozwa, ila hatozwi siku moja. Tangu tarehe 1 Januari 2012 Kongo ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na kodi hiyo imo ndani ya mfuko wa saruji, ndani ya nondo na ndani ya bati linalonunuliwa kwa risiti. Saruji na bidhaa nyingine zinazotoka Zambia hupita Kasumbalesa na kukutana na forodha. Anayeweka dari na vigae anaweza kuwa amelipa kodi kubwa kuliko mnunuzi wa nyumba ya jirani bila kujua. Tofauti kubwa ni namna ya kulipa. Mnunuzi anadaiwa fungu la fedha taslimu kwa mkupuo, wakati ameshamaliza akiba yake kwa muuzaji. Mjenzi analipa vipande vipande kwa miaka, na hakuna anayemwambia kwamba amelipa.

Tena kuna sehemu ya nyumba isiyopita dukani kabisa: tofali. Katanga ni nchi ya vichuguu vikubwa, vingine virefu kuliko nyumba, na udongo wake wa mchwa, mzito na wenye kunata, ndio udongo wa matofali. Vijana huchimba kichuguu, wanakanda udongo kwa maji na miguu, wanajaza vibao vya mbao, wanapanga matofali juani yakauke. Kisha wanayajenga yenyewe kuwa tanuri, wanaacha vichochoro chini vya kuingiza magogo, wanaziba pande zote kwa matope na kuwasha moto unaowaka usiku na mchana. Tanuri likipoa, ya katikati yanatoka mekundu na ya pembeni hafifu, na bei hufuata rangi. Hapo hakuna risiti wala asilimia 16.

Tofali hilo lilikuwa pia benki. Mwaka 1994 bei za Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Aliyeweka akiba ya noti alibaki na makaratasi. Aliyenunua matofali mia mbili kila mshahara ulipopatikana alibaki na ukuta. Kwa mtu wa namna hiyo, kuuliza kama ushuru wa kununua ni asilimia 6 au 3 ni mchezo wa watu wenye fedha zilizolala pamoja mahali pamoja. Yeye hajawahi kuzilaza.

Miaka hiyohiyo, makambi yalianza kubadilisha sura. Union Minière ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967 na baadaye ikawa Gécamines, ambayo iliendeleza desturi ya nyumba na poso kama ilivyoikuta. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka, na kufikia mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikakatika kwa miezi, kisha miaka. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Nyumba za kampuni zikaanza kupita mikononi mwa waliokuwa wakiishi ndani yake. Kwa mara ya kwanza, mzee wa Panda aliyezaliwa katika nyumba ya kampuni akawa na kitu cha kuuza, na wengi waliuza upesi, kwa kuwa karo na dawa hazikusubiri.

Kabla ya hapo Likasi ilikuwa imeona uhamisho wa nyumba mbaya zaidi. Kuanzia Agosti 1992, baada ya Étienne Tshisekedi, mwenyewe Mkasai, kuchaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Taifa, Wakasai, yaani watu wenye asili ya Kasai, waliokuwa wakiishi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, walishambuliwa na kufukuzwa, huku gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza akichochea. Maelfu ya familia zilijaa kituo cha reli cha Likasi na kungoja treni kwa majuma na miezi, katika hali iliyoua wengi. Nyumba zao ziliuzwa kwa bei ya kutupa, au zilikaliwa tu. Hakuna notari aliyeandika, wala ushuru uliolipwa. Miaka kama ishirini kabla yake, rais Mobutu alipotangaza tarehe 30 Novemba 1973 kwamba biashara za wageni zikabidhiwe Wazaire, maduka ya Wagiriki na Wareno yalibadilisha wenyewe kwa orodha ya serikali. Ukizihesabu nyakati hizo, mali nyingi za mji huu zimehama kwa nguvu au kwa njaa, na chache zimehama kwa mtu kuingia ofisini kwa hiari yake akiwa na fedha mkononi.

Basi ushuru wa asilimia 3 unamshika nani hasa? Unamshika mnunuzi wa nyumba ya mji wa zamani wa Wazungu, kwa sababu nyumba hiyo ina hati, na hati ina jina la kufuta. Kambini kuna kazi nyingine ya kufanya kwanza: nyumba zilisimama kwa mamia juu ya ardhi ya kampuni, na kila moja inahitaji kukatiwa kipande chake, kupimwa na kupewa namba kabla haijawa na ukurasa wake. Na Kikula, kwa lupango ambalo halijawahi kuingia kwenye daftari, hakuna jina la kuhamisha. Kuna cheti cha kwanza cha kuombwa. Aliyenunua kwa karatasi ya mtaani kutoka kwa mtoto wa mwenye kile kijitabu cha zamani hudai kama mtu anayeandikishwa mara ya kwanza, akiwa na karatasi za komini, yaani serikali ya mtaa, na ushahidi wa majirani.

Matokeo yake ni kinyume cha alivyotazamia mtunga sheria. Nyumba yenye karatasi safi ndiyo inayobeba ushuru mzito, na isiyo na karatasi inazunguka sokoni nyepesi. Madalali, ambao Katanga huwaita makomisionere, wanalijua hilo vizuri kuliko wizara. Wanaitangaza nyumba yenye hati kwa bei ya juu, na palepale wanamnong'oneza mteja kwamba hati inaweza kubaki kwa jina la zamani kwa muda, mradi akabidhiwe nakala ya muuzaji. Mteja anaifungia kabatini. Anadhani ameshika nyumba, kumbe ameshika nakala yenye jina la mtu mwingine, na ya pili iko kwenye daftari lisilomjua.

Hata hivyo si haki kuitazama Likasi kama mji wa ajabu. Kenya inatoza ushuru wa stempu wa asilimia 4 kwa nyumba ya mjini na 2 kwa ya shambani. Ubelgiji, ambako sheria ya daftari la Kongo ilipitia, mnunuzi wa Wallonia alikuwa akilipa asilimia 12.5, lakini kuanzia tarehe 1 Januari 2025 anayenunua nyumba yake pekee ya kukaa analipa asilimia 3, kiwango kilekile ambacho Kongo ilikifikia miaka kumi na mitano kabla yake. Anayejenga huko bado analipa asilimia 21 ya kodi ya ongezeko la thamani kwa nyumba mpya, kwa hiyo mizani sasa imeinamia upande wa kununua. Ubelgiji, nusu ya asilimia ikiondolewa, madalali wanasikia simu zikilia, kwa kuwa karibu kila mauzo yanapita kwa notari na hayana pa kujificha.

Likasi mauzo yanaweza kujificha miaka thelathini. Kinachoyafichua mara nyingi ni msiba au benki. Mwenye nyumba anafariki, watoto wanataka kugawana, na wakili anauliza hati iko kwa jina la nani; au mtoto mmoja anataka mkopo na benki inakataa rehani ya karatasi ya mtaani. Hapo familia hulazimika kumtafuta muuzaji wa mwaka 1996, au warithi wake, ambao pengine wako Mbuji-Mayi, Ndola au Brussels, ili watie sahihi mbele ya notari. Wakipatikana, thamani inakadiriwa kwa bei ya leo, pamoja na kile chumba cha nyuma na ukuta wa uzio uliojengwa kwa matofali ya marehemu mwenyewe, na asilimia 3 inahesabiwa juu ya vyote.